Kuchagua Pine za Gari Yetu Wakati Makuta Hayatoshi

Maneno tuliyoyatoa mbele ya mkutano wa wanamemba, hapa Lushebere



Komite ilituomba tuje kusema juu ya jambo moja tu, pine za gari ya chama. Munajua namna iko. Pine zote nne zimechoka, sanduku haliwezi kulipa nne mpya, na wanamemba wamegawanyika vikundi vitatu. Wa kwanza wanasema: tununue okazyo nne leo, mambo yaishe. Wa pili wanasema: tungojee mpaka tupate nne mpya. Wa tatu wanasema: gari ilale, makuta yarudi ku likirimba. Hatukuja kuwaamulia. Gari ni yenu, ni michango yenu. Tumekuja kuwapa mambo ya kuangalia na hesabu, kisha ninyi mutaamua.

Kwanza tukumbuke gari hii inafanya nini. Inapeleka wagonjwa ku hospitali kuu ya Masisi. Inashusha maharagwe, viazi na fromaji mpaka Goma, karibu kilomita 80. Siku gari haitembei, mama mwenye uchungu anarudia kipoyi juu ya mabega ya vijana, ku matope, usiku. Na pine ikipasuka katikati ya njia saa kumi na moja jioni, giza linawakuta abiria mahali ambapo hakuna mutu anapenda kukutwa. Wote tuliokimbia na tukarudi tunaelewa maneno haya. Kwa hiyo pine kwetu si urembo wa gari. Ni njia ya mutu kufika.

Angalia mukono wako, ufungue kiganja. Sehemu ya pine inayogusa udongo inalingana karibu na kiganja kile. Gari nzima, na watu wake na mizigo yake, inasimama juu ya viganja vine. Frein inaweza kuwa nzuri namna gani, kama viganja vile havishiki udongo, haisaidii kitu.

Sasa njia yetu. Kuna njia mbili ndani ya safari moja. Kati ya Goma na Sake kuna mawe ya volkano. Lava ya Nyamulagira ilifika mpaka ziwani upande wa Sake mwaka 1938, na Nyiragongo ilimwaga lava mwaka 1977, 2002 na 2021. Mawe yale yanakata kama kisu, na mara nyingi yanakata ubavu wa pine, pale mpira ni mwembamba. Kisha ukipanda kutoka Sake, unaingia ku milima ya udongo, na huku kwetu miezi ya mvua ni mingi kuliko miezi ya jua. Pale munahitaji meno marefu yenye nafasi kati yao, ili matope yatoke. Pine ya gari ndogo ya mujini, yenye mistari myembamba, inajaa matope mara moja na inakuwa kama sabuni. Lakini pine ya meno makubwa sana, ile ya matope tu, inaisha upesi ku mawe na ku lami, na inakula esansi. Kwa safari yetu iliyochanganyika, ile ya katikati ndiyo inafaa. Mara nyingi ubavuni imeandikwa A/T.

Kusoma ubavu wa pine ni jambo ambalo kila mwanamemba anaweza, hata kama hajui kuendesha. Tuchukue mfano wa pikapu, 205R16C 110/108. 205 ni upana kwa milimita. 16 ni ukubwa wa janti kwa inchi, lazima ulingane na janti yenu. C inaonyesha pine ya gari ya mizigo. Na 110 ni namba ya uzito: pine moja inabeba kilo 1060. Hapa ndipo watu wengi wanadanganyika. Muuzaji anaweza kukuonyesha pine inayoingia ku janti vizuri, bei ya chini, lakini namba yake ni 91, maana yake kilo 615 tu. Ukizidisha kwa nne unapata kilo 2460. Pikapu yetu ikijaa viazi, na watu wakikaa juu ya viazi, inaweza kupita pale. Pine namna hiyo inapata moto, na ikipata moto inapasuka. Kwa hiyo swali la kwanza dukani si bei. Ni hili: inabeba kilo ngapi?

Swali la pili: ilizaliwa lini? Tafuta herufi DOT. Namba nne za mwisho ni juma na mwaka. Ukiona 2319, ilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2019. Mpira unazeeka hata ukilala stoo. Watengenezaji wengi wanashauri pine ikaguliwe kila mwaka kuanzia miaka mitano, na isitumike tena ikifika miaka kumi, hata kama meno yako mazima. Ukiona nyufa ndogondogo ku ubavu kama udongo wa kiangazi, acha, hata kama ni zawadi.

Sasa tuongee juu ya okazyo, sababu ndiyo inatushika wengi. Mwaka 1888 Dunlop aliandikisha pine ya upepo kule Belfast. Miaka iliyofuata dunia ilitaka mpira kwa baiskeli, kisha kwa gari, na sehemu yake ilitolewa kwa nguvu ku watu wa Kongo wakati wa mfalme Leopold. Leo sisi wajukuu tunanunua pine ambayo mutu wa Ulaya ao Japani ameitoa. Ameitoa juu ya nini? Kule Ulaya sheria inakataza pine yenye meno chini ya milimita 1.6. Wengine wanaitoa mapema, wanauza gari, wanabadilisha kwa sababu ya baridi. Kwa hiyo okazyo si uchafu wote. Kuna nzuri. Lakini ni lazima ujue kuichagua, na tunawapa mambo matano.

Moja, ingiza kidole ndani ya pine, uzungushe mukono ku ukuta wote. Ukigusa kiraka kikubwa, kivimbe, ao nyuzi, rudisha.

Mbili, angalia kama meno yamechongwa upya. Kuna watu wanachukua kisu cha moto, wanachimba mistari ku pine iliyokwisha, wanapaka rangi nyeusi, inang'aa. Meno yanaonekana marefu lakini chini yake mpira umebaki kama karatasi. Njia ya kujua: ndani ya mistari ya kiwanda kuna vidaraja vidogo vya alama. Kama mistari ni mirefu na vidaraja vimekatwa, kimbia. Kuna pine za kamyo zenye neno REGROOVABLE zinazoruhusiwa kuchongwa, lakini za pikapu yetu hapana.

Tatu, ukiona neno STUDLESS, pine ile ni ya baridi kali. Mpira wake ni laini, ku jua na ku mawe inaisha upesi sana.

Ine, usikubali jeraha la ubavu lililozibwa. Kitundu cha musumari pale juu ya meno, kwado mwenye ujuzi anaziba kwa kiraka cha ndani na unatembea. Ubavu hauzibiki. Kuweka mpira wa ndani ili kuficha jeraha lile ni kuchelewesha tu. Mpira wa ndani unasuguana, unapata moto, na ukitoboka upepo unatoka mara moja, si polepole.

Tano, nunua mbili zinazofanana kwa ajili ya ekseli moja: ukubwa mmoja, meno ya namna moja, miaka inayokaribiana.

Tuingie ku hesabu. Bei ya soko inabadilika kila safari, kwa hiyo tuchukue namba za mfano tu, mama mweka hazina ataweka zile za kweli. Tuseme pine mpya ni dola 150, na inatembea kilomita 30.000. Okazyo ni dola 70, na inatembea kilomita 10.000. Pine nne mpya ni dola 600. Gawanya: kila kilomita inatukula senti 2. Okazyo nne ni dola 280. Gawanya: kila kilomita inatukula senti 2.8. Munaona? Ya bei ya chini ndiyo ya bei ya juu. Na bado hatujahesabu viraka, siku gari inalala, na mizigo inayooza.

Lakini hesabu haijazi sanduku. Kama ndani muko na dola 400 tu, kusema "mpya ni nzuri" ni maneno ya bule. Na kungojea na pine zilizokwisha meno wakati wa mvua, hiyo ni kucheza na watu. Kwa hiyo tunawaletea njia ya nne, ambayo hakuna kikundi kiliitaja. Nunua mbili mpya sasa, dola 300. Kati ya zile nne za zamani, chagua mbili zilizo bora, zikaguliwe na kwado mbele ya wanamemba wawili. Ya tatu, kama ubavu ni mzima, iwe ya akiba. Ya nne iondoke. Dola 100 zinazobaki: pompi ya mukono, kifaa cha kupimia upepo, viraka, valvu mpya, na kunyoosha mwelekeo wa magurudumu ya mbele. Gari ambayo magurudumu yake yanatazamana vibaya inakula pine mpya upande mmoja ndani ya miezi michache. Kisha mavuno yanayofuata, munanunua mbili zingine, zenye ukubwa na namna ileile. Na kama kwado hakupata mbili za zamani zinazofaa, basi dola 100 zile zisaidie kununua okazyo mbili zilizopita mitihani ile mitano, na vifaa vingojee.

Mbili mpya zikae wapi? Mashofere wengi watasema mbele. Sisi tunasema nyuma, na tunaeleza. Kama mbele inateleza, shofere anasikia ku usukani, anapunguza mwendo, gari inamsikiliza tena. Kama nyuma inateleza ku mteremko, mkia unazunguka, na ku njia yetu upande mmoja ni mulima, upande wa pili ni korongo. Tena pikapu inabeba mizigo yake nyuma. Jambo lingine kwa bwana shofere: mbele na nyuma zikiwa hazilingani meno, usifunge nguvu ya magurudumu manne ku lami ao ku njia kavu. Tumia ku matope tu, pale magurudumu yanaweza kuteleza kidogo. La sivyo giaboksi ndiyo italipa.

Pine nzuri bila ulinzi inakufa kama pine mbaya. Upepo upimwe asubuhi, mbele ya safari, pine ikiwa baridi, kufuatana na karatasi iliyobandikwa ku mulango wa shofere. Upepo kidogo unaleta moto, na moto unapasua. Mukipunguza upepo ili kutoka ku matope, rudisheni mara tu mukifika njia ngumu. Ndiyo sababu tunataka pompi ndani ya gari. Mukishapata nne zinazolingana, kila kilomita 5.000 zibadilishwe nafasi. Na kila safari iandikwe ndani ya daftari: tarehe, kilomita, mzigo, upepo, kiraka. Wafadhili wakiuliza kwa nini mulilipa dola 150 wakati soko liko na ya 70, daftari litajibu pasipo maneno mengi.

Tena tunaomba kila safari ya kulipa iache kitu kidogo ndani ya bahasha ya pine, mbali na bahasha ya esansi. Chukueni mfano wetu: senti 2 kila kilomita. Kwenda na kurudi Goma ni kilomita 160, ni dola 3 na senti 20. Ni kiasi ambacho safari ya viazi inaweza kutoa. Mukifanya vile, siku pine zitakapokwisha makuta yatakuwa yanangojea, na hatutakaa tena kugawanyika vikundi.

Na pine ile inayoondoka, musiitupe nyuma ya nyumba, itashika maji na kuzaa mbu. Wapeni vijana wa chukudu. Munajua wanakata mpira wa pine na kuuvalisha ku magurudumu ya mti. Wengine wanatoa kandambili na kamba za kufunga mizigo.

Tunamaliza. Tunaomba mkutano upige kura juu ya mambo matatu: mbili mpya sasa na mbili ku mavuno, wanamemba wawili, mama mmoja na kijana mmoja, waende pamoja na shofere Goma, wasome namba ku ubavu mbele ya kulipa, na bahasha ya pine ianze ku safari ya kwanza. Kama munaona njia nyingine bora, semeni, tuko hapa kusikiliza. Kitu kimoja tu tunaomba kisikubaliwe: kwamba gari iendelee kubeba wagonjwa juu ya pine zile mpaka mvua ituamulie.