Tunayoyasikiliza Siku Hizi

Hotuba kwa walimu na jamaa wa mitaa, katika siku za Jubilei



Tumeombwa kunena habari ya chama chetu kidogo cha wasikilizaji wa muziki, nasi twakubali kwa furaha, ingawa twajua ya kuwa wako kati yenu wanaouliza chama hiki kina kazi gani. Swali hilo si baya. Watu tisa, makatekista na walimu, pamoja na muuguzi mmoja na fundi cherehani mmoja, hukutana kila Jumamosi saa kumi katika chumba cha shule. Hufunga mlango ili kelele za uwanjani zisiingie, kisha aliye na zamu huwaambia wenzake, "Juma hili nimesikiliza kazi hii," naye huipiga wote waisikie, kwa sahani ya santuri kama ipo, au kwa simu iliyoungwa na kipaza sauti. Hawaimbi, hawachezi, wala hawanywi kitu ila chai. Mzee mmoja alituambia waziwazi ya kuwa kuketi kimya saa mbili kusikiliza fidla za watu waliokufa zamani huko Ulaya ni uvivu uliovaa nguo za Jumapili. Tulicheka, lakini neno lake lilituingia, na haya tunayoyasema leo kwa sehemu ni jibu lake.

Sharti letu ni moja. Asilete mtu kazi ambayo hajaisikiliza mara tatu, na akiileta awaonyeshe wenzake mahali pa kutega sikio. Laonekana sharti dogo, lakini ndilo lililotubadilisha. Kwani siku hizi nyimbo zatujia katika simu kama kumbikumbi baada ya mvua. Mtu hupelekewa thelathini kwa siku, naye huwapelekea wengine hizo thelathini, asisikilize hata mmoja mpaka mwisho. Bali ajuaye ya kuwa Jumamosi ataulizwa, "Sauti ya tatu iliingia wapi?" husikiliza kwa namna nyingine kabisa.

Wala desturi hii hatukuianza sisi. Katika mji wa Vienna, nchi ya Austria, alikuwako bwana mmoja, Gottfried van Swieten, mkuu wa maktaba ya Kaisari. Alipokuwa balozi katika mji wa Berlin, tangu mwaka 1770 hata 1777, aliupata muziki wa Johann Sebastian Bach na wa George Frideric Handel. Wote wawili walikuwa wamekwisha kufa, na katika Vienna ni wachache walioujua. Akarudi na nakala zake, akaifungua nyumba yake kila Jumapili saa sita mchana kwa marafiki wachache. Mmoja wao alikuwa Wolfgang Amadeus Mozart, naye mwaka 1782 alimpasha baba yake habari kwa barua, ya kuwa huenda huko kila Jumapili, na ya kuwa hakupigwi kitu ila Handel na Bach. Fikirini jambo hilo. Mozart alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, naye tangu utoto alikuwa amepigia muziki wafalme. Lakini hakuona haya kwenda kuketi nyumbani mwa mtu na kuonyeshwa kitu asichokizoea. Van Swieten mwenyewe alitunga muziki pia, na ni wachache mno wanaoutafuta leo. Karama yake ilikuwa kupenda kazi ya wengine, na kutoweza kunyamaza juu yake.

Matunda ya chumba kile ni mengi. Mwaka 1789 Mozart aliitengeneza upya kazi ya Handel iitwayo Masiya, akaiongezea filimbi na zumari, na aliyemwagiza ni van Swieten huyo huyo. Hiyo Masiya Handel aliitunga mwaka 1741 kwa muda wa siku ishirini na nne hivi, ikaimbwa mara ya kwanza katika mji wa Dublin mwezi wa Aprili 1742, na fedha zake zilikwenda kuwasaidia wagonjwa wa hospitali na wafungwa wa madeni. Tunataja hilo kwa ajili ya yule mzee wetu.

Lakini tunda tulilokaa nalo sana mwaka huu ni lingine. Joseph Haydn alikwenda London, akasikia kazi za Handel zikiimbwa na watu wengi mno katika kanisa la Westminster Abbey mwaka 1791. Akarudi Vienna akiwa mzee, na van Swieten akamtengenezea maneno kwa lugha ya Kijerumani, ndipo Haydn akatunga Uumbaji, ulioimbwa kwanza mwaka 1798. Muuguzi wetu ndiye aliyeuleta. Alituambia hivi: "Msingoje wimbo hapo mwanzo, maana haupo." Na kweli, mwanzo ni habari ya machafuko, sauti zapapasapapasa kama mtu atafutaye mlango gizani, na kila ukidhani umeshika njia, yageuka. Kisha kwaya yaingia polepole, karibu ya kunong'ona, nayo yafika kwenye neno la nuru. Hapo vyombo vyote na sauti zote hulipuka pamoja. Je, hulipuka kwa nini? Kwa do-mi-so! Ile ile tunayowafundisha watoto siku ya kwanza ya sol-fa. Hakuna ufundi uliofichwa hapo, ila kujua ni wapi pa kuiweka. Nalo shauri la kwamba amri ile ya nuru isemwe mara moja tu, isirudiwe, alilitoa van Swieten. Siku ile tulirudia mahali hapo mara tano, na mwalimu wa hesabu, ambaye si mwepesi wa kusifu, alitoka nje akasimama uwanjani kitambo.

Haydn mwenyewe aliusikia kwa mara ya mwisho mbele ya watu mwaka 1808, amedhoofika, amebebwa katika kiti. Ilipofika nuru watu walipiga makofi, naye yasimuliwa ya kuwa aliinua mikono kuelekea juu, akasema haikutoka kwake. Mwaka uliofuata akafa.

Juma la Mateso lililopita zamu ilikuwa ya katekista mmoja, naye alileta Mateso ya Bwana kwa Mathayo, ya Bach. Kazi hii ni ndefu, yapata saa tatu, nasi tuliigawa katika siku tatu. Ndani yake umo wimbo mnaoujua nyote, kwani twauimba Ijumaa Kuu, ule wa kichwa chenye majeraha na taji ya miiba. Sauti yake hapo kwanza haikuwa ya kanisa kabisa. Hans Leo Hassler aliitoa mwaka 1601 kwa wimbo wa kijana aliyevurugwa moyo na msichana. (Wale wanaokataza kila sauti iliyotoka ngomani wasiingie kanisani, na wafikiri juu ya habari hii.) Bach ameuleta wimbo huo mara tano, na mwenye zamu alituagiza tuiache sauti ya kwanza, maana twaijua, tufuate zile tatu za chini. Basi tulisikia: wimbo ni ule ule, bali ardhi iliyo chini yake hubadilika kila mara, na mara ya mwisho, baada ya kufa kwake Bwana, zile sauti za chini zateremka kwa hatua ndogo ndogo, hata wimbo tuliouzoea tangu utoto ukawa mgeni kwetu.

Kazi hiyo nayo, baada ya Bach kufa mwaka 1750, ilikaa muda mrefu bila kuimbwa hadharani nzima. Nakala ilimfikia kijana Felix Mendelssohn kutoka kwa bibi yake mzaa mama. Aliionyesha kwa marafiki, wakaimba vipande nyumbani. Rafiki yake mwimbaji, Eduard Devrient, akamsihi waende kwa mwalimu wao, Zelter, kuomba ruhusa, naye Zelter mwanzoni alikataa. Hata tarehe 11 Machi 1829, katika Berlin, ikaimbwa, ingawa walipunguza sehemu zake, na Mendelssohn aliyeiongoza alikuwa na miaka ishirini tu.

Fundi cherehani wetu yeye hapendi kwaya kubwa. Alileta nyimbo sita za Bach za selo, yaani fidla kubwa ipigwayo kwa kuketi, na alitaka zile zilizopigwa na Pablo Casals. Huyo Casals alizikuta zimechapwa, katika duka la vitabu vikuukuu mjini Barcelona mwaka 1890, naye ni mtoto wa miaka kumi na mitatu, akajifunza yapata miaka kumi na miwili kabla ya kuthubutu kupiga mmoja mzima mbele ya watu. Alizitia katika santuri tangu mwaka 1936 hata 1939. Hapo palikuwa na ubishi mkali. Walimu vijana walisema sahani zile zina mikwaruzo, na ya kuwa wako wapigaji wa leo walio safi zaidi. Fundi akajibu kwamba nguo iliyoshonwa kwa mkono huonyesha mkono. Twaona vijana wana haki juu ya mikwaruzo, na fundi ana haki juu ya mengine yote. Maana chombo ni kimoja, nyuzi ni nne tu, lakini ukisikiliza vema wasikia kama watu wawili wanaojibizana, mmoja akiwa chini mlangoni na mwingine juu dirishani.

Basi, sasa tufike kwenye neno la mzee. Ametuuliza, "Hayo ni ya Wazungu, ya kwetu yako wapi?" Kwanza twasema ya kuwa kitu kilichoandikwa vema hakiulizi kabila la sikio. Lakini swali lake lina sehemu ya pili, nayo ndiyo ituumayo. Katika Kamina, nchi ya Katanga huko Kongo, mwaka 1958, wavulana na walimu waliimba Misa kwa namna za nyimbo za Kiluba, pamoja na Padre Guido Haazen. Sehemu kubwa waliibuni papo hapo wakiimba. Hata leo twaisikia, kwa sababu ilitiwa katika sahani ya santuri. Isingalitiwa, ingalikwenda na pumzi zao.

Na sisi je? Katika mitaa hii wako makatekista waliotunga zaburi, nyimbo za mavuno, nyimbo za mazishi, kwa sauti nne, wakaziandika kwa sol-fa katika madaftari ya shule. Wengine wamekwisha kufa. Daftari moja tulilikuta limefungia karanga. Jingine limeliwa na mchwa mpaka kurasa za katikati, na sauti ya pili na ya tatu hazipo tena, wala hakuna azikumbukaye. Bach alipata bibi mwenye nakala. Handel alipata balozi mwenye sanduku. Nyimbo hizi hazina mtu ila sisi tunaoketi Jumamosi.

Kwa hiyo, tangu mwezi ujao, kila Jumamosi ya mwisho hatutapiga kitu cha Ulaya. Mwenye zamu ataleta daftari la marehemu mmoja, nasi tutaliimba sauti kwa sauti, tutanakili mara mbili, nakala moja ikae shuleni na moja kwa Baba Askofu, na muuguzi atatia sauti zetu katika simu yake. Daftari la kwanza limekwisha kupatikana. Lina nyimbo kumi na nne, na wa tisa hauna mwisho. Yeyote aliyewahi kuuimba, twamwomba aje. Mlango huwa umefungwa kwa ajili ya kelele, lakini ukibisha tutafungua.