Umbali wa Angani na Muda wa Safari: Yampasayo Abiria Kuyajua

(Maelezo yetu kwa wananchi wa Lulindi, wilayani Masasi)



Tunaulizwa mara nyingi: kutoka Mtwara hadi Mwanza kwa ndege ni mwendo wa saa ngapi? Swali hilo lina majibu mawili, na asiyeyatofautisha aweza kupoteza nauli iliyotokana na msimu mzima wa korosho.

Jibu la kwanza ni la angani. Kwa mstari ulionyooka, Mtwara na Mwanza zimeachana takribani kilometa 1,190. Anayepitia Dar es Salaam huruka kilometa 400 hivi, kisha 850 hivi. Mzunguko huo huongeza kilometa 60 tu, na muda wote wa kuruka ni kama saa mbili na nusu.

Jibu la pili huanzia mlangoni pa nyumba yako. Kutoka Masasi mjini hadi Mtwara ni kilometa 200 hivi za barabara, nusu ya zile za angani hadi Dar es Salaam, lakini basi huzimaliza kwa saa tatu au zaidi. Ongeza muda wa kuripoti uwanjani na wa kungoja ndege ya pili. Saa mbili na nusu hugeuka safari ya kutwa, au ya kulala njiani.

Kwa hiyo tunawasihi mzingatie mambo matatu.

Kwanza, someni saa kwa uangalifu. Tiketi huhesabu saa kuanzia usiku wa manane. 07:00 ni saa moja asubuhi. Saa saba mchana huandikwa 13:00. Ndege ya 00:30 ya tarehe 15 huondoka usiku wa kuamkia tarehe hiyo, hivyo abiria huwa uwanjani tangu jioni ya tarehe 14. Saa ya kufika nayo ni ya mahali uendako: Muscat wametutangulia kwa saa moja.

Pili, ulizeni kama safari nzima imo katika tiketi moja. Ikiwa hivyo, na ndege ya kwanza ikachelewa, ni juu ya shirika kuwatafutia njia ya kuendelea. Mkinunua tiketi mbili zisizohusiana, shirika la pili laweza kuwahesabu kuwa hamkufika, na tiketi nyingi za bei nafuu hazirudishiwi fedha. Nafuu ya shilingi chache isiwafunge macho. Acheni nafasi ya kutosha kati ya ndege na ndege.

Tatu, tunzeni tiketi, stakabadhi na ujumbe wote wa simu kuhusu mabadiliko ya safari. Penye malalamiko, anzeni kwa shirika lenyewe, kwa maandishi. Lisipowajibu ipasavyo, leteni shauri kwetu pamoja na vielelezo hivyo.

Msiulize tu ndege huruka saa ngapi. Ulizeni pia: nitoke nyumbani lini?