Mfuko wa vyombo juu ya moto

Maneno ya timu ya uwanja mbele ya mkutano wa wanachama, Bunia

Tulipewa dakika kumi tuzungumze habari ya moto za chama. Wengine watasema hiyo ni kazi ya fundi. Tungekubali, kama fundi angekuwa anakaa katikati ya barabara ya Fataki.

Tuanze na ile siku ambayo wengi wenu mliisikia nusunusu. Tulipanda RN27, tukapita Iga Barrière, kwenda kuandika majina ya familia zilizorudi na zinazongoja mbegu ya maharagwe. Tulikuwa wawili juu ya moto moja. Saa tisa, tunajiandaa kurudi, mama mmoja akaja na mtoto mgongoni, homa kali, mtoto haamki vizuri. Mmoja wetu akabaki kijijini ili mama apate nafasi, mwingine akaendesha. Mbele kidogo, pine ya nyuma ikaisha pumzi. Msumari.

Sasa, mfuko wa vyombo ulikuwepo. Tena, tuseme ukweli, tulikuwa tunajivuna nao. Kuufungua: kle ziko, viraka viko, vyuma vya kutolea pine viko. Kole imekauka yote, maana ilifunguliwa miezi mingi nyuma na hakuna aliyeiangalia tena. Na pompi hakuna. Mwanachama aliiazima, naye akamwazima jirani, jirani akaenda nayo Mahagi.

Mnaoijua ile njia mnajua jua likishuka inakuwaje. Tangu mapigano yalipoanza tena Djugu, mwisho wa 2017, hakuna anayependa kusimama hapo jioni, na mtu anayesukuma moto anaonekana toka mbali. Mama hakusema neno. Alitembea nyuma yetu, akimpepea mtoto na kitenge.

Kisha akapita motari mmoja na madumu ya mawese. "Bakubwa, muko na shida gani?" Akashusha mzigo wake wote, akatoa pompi na kole. Kazi haikufika saa moja. Pesa alikataa: "Mutanisaidia na miye siku ingine." Mtoto alifika kituo cha afya usiku; ilikuwa malaria, na alipona. Wiki iliyopita tulimkuta anakimbiza kuku. Lakini hatuwezi kuandika kwenye ripoti kwamba mpango wetu wa usalama ni mtu tusiyemjua hata jina.

Basi, tubebe nini? Si vingi. Watu hununua sanduku kubwa linalong'aa, na nusu ya kle zake haziingii kwenye boloni hata moja ya moto yao. Sisi tunafanya hivi: siku ya kupumzika, toa gurudumu la nyuma hapo nyumbani, ulirudishe mwenyewe. Kila kle uliyoshika iingie mfukoni. Ambayo hukuishika, ibaki. Juu yake weka pompi, mpira wa ndani mzima, viraka, msasa, kole ambayo haijafunguliwa, buji moja, kipande cha waya na taa ndogo. Boxer na TVS nyingi tunazopanda hapa zina magurudumu ya inchi 17 mbele na nyuma, kwa hiyo mpira mmoja wa akiba utakufikisha nyumbani upande wowote, ukienda polepole.

Kiraka kinataka uvumilivu. Kwangua mpira kwa msasa, paka kole, halafu ngoja hadi isishike tena kidole. Vijana hubandika ikiwa mbichi, kiraka kinang'oka Katoto, wanamlaumu muuzaji. Na kabla ya kurudisha mpira, pitisha kidole ndani ya pine yote, taratibu. Msumari ukibaki humo, kazi yako ni bure.

Kable mpya ya ambreyaji msiikunje mfukoni. Ifungeni kando ya ile ya zamani, toka usukani hadi chini. Siku ya zamani ikikatika, unahamisha ncha mbili tu. Bebeni pia kiungo cha mnyororo. Kishikizo chake, upande uliofungwa utazame kule mnyororo unakokwenda. Ukikigeuza, kinaweza kuruka. Na mnyororo wenyewe uache ucheze kama sentimita 2 hadi 3, maana ukikazwa sana unakula meno, ukilegea sana unatoka.

Moto ikikohoa baada ya kuweka esanse ya chupa kwa kadhafi, usikimbilie kufungua injini. Chini ya karbirateri kuna skuru ndogo. Ilegeze kidogo: maji ni mazito kuliko esanse, yanakaa chini, yatatoka kwanza. Na kiangazi, na lile vumbi letu jekundu, chujio la hewa lisafishwe mara nyingi. Hapo wengi wetu ni wavivu, hata sisi tunaosema.

Wafadhili wetu, mlitupa moto, tunashukuru sana. Lakini katika bajeti kuna mstari wa esanse na hakuna mstari wa vipuri. Gari likikwama tunaandika barua. Kole ya moto tunainunua kwa pesa ya mfukoni, ndiyo sababu hainunuliwi. Tunaomba mstari huo uwepo mwaka ujao, hata kama itabidi kupunguza safari moja au mbili.

Kwa upande wetu, toka sasa kila anayechukua moto atafungua mfuko asubuhi na kutia sahihi kwenye daftari. Mama mmoja wa kamati alituambia huko ni kutowaamini vijana. Tunamheshimu mama, lakini siku ile hatukukosa vijana wema. Tulikosa pompi.

Jumamosi saa mbili, wote wenye moto waje uani kwa ofisi. Tutatoa magurudumu pamoja, na kwado wetu wa pale sokoni amekubali kuonyesha. Pompi imesharudi kutoka Mahagi, ila mpira wake wa kupitisha hewa haupo. Anayejua uliko aulete, hatutauliza maswali.