Kabla ya Kuchanganya, Fungua Kitabu

Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti kwa watengenezaji wadogo wa sabuni, losheni na mafuta ya nywele, Elgon View, Eldoret

Nawashukuru wenyeji wetu wa Elgon View, na ninyi mliopanda matatu kutoka Langas, Huruma na Kapsoya mkiwa na chupa zenu mikobani. Niseme mapema kwamba nilisomea uanahabari, si kemia. Kazi yangu ni kusoma na kuuliza, na ndiyo maana leo nitazungumza juu ya vitabu.

Tuanze na ungarol. Hakuna anayetengeneza sabuni ya maji hapa mjini asiyeijua. Lakini hilo si jina la kemikali. Ni jina la kibiashara la kampuni ya Unger ya Norway, nasi tumeligeuza kuwa la kila mtu, kama tunavyoita kila sabuni ya unga Omo. Ufacid nayo ni ya kampuni hiyo hiyo. Kemikali iliyo ndani ya ungarol huandikwa Sodium Laureth Sulfate. Sasa ukipimiwa “ungarol” kutoka pipa lisilo na lebo, ukatiliwa kwenye mtungi wako, umenunua nini hasa? Jina la mtaani haliwezi kukujibu.

Tatizo hili si letu peke yetu. Mwaka 1973 chama cha watengenezaji wa vipodozi cha Marekani kilichapisha kamusi ya viambato ili kila kiambato kiwe na jina moja. Majina hayo sasa hutumika karibu dunia nzima. Ndiyo sababu kwenye lebo maji huitwa Aqua, nta ya nyuki Cera Alba, na mafuta ya avokado Persea Gratissima Oil. Kando ya jina, vitabu vya viambato huweka nambari ya CAS, ambayo ni kama kitambulisho cha kemikali. Glisirini ni 56-81-5. Kostiki soda ni 1310-73-2. Muuzaji anaweza kubadilisha jina apendavyo, lakini nambari haibadiliki. Mwombeni muuzaji karatasi ya maelezo ya usalama wa kemikali, na nambari mtaiona humo. Akikataa kuwapa, nendeni duka la pili.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu ya krimu za kung'arisha ngozi. Tangu 1998 Kenya imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, lakini bado vinauzwa. Haidrokwinoni, nambari 123-31-9, inaweza kuandikwa quinol au 1,4-benzenediol, na mtu akapita bila kushtuka. Zebaki hujificha nyuma ya majina kama calomel. Zebaki huharibu figo na mishipa ya fahamu, na humfikia mtoto aliye tumboni. Hata mtoto aliyezaliwa hugusa shavu la mama, mto na taulo. Haidrokwinoni ikitumika kwa muda mrefu inaweza kuigeuza ngozi iwe na madoa meusi ya kibuluu ambayo ni vigumu mno kuyaondoa. Kwa hiyo mtu akikuletea “unga wa kung'arisha” uongeze kidogo kwenye losheni yako ipate soko, atakayeumia ni mteja wako wa jirani, na jina litakalokuwa kwenye kopo ni lako.

Kitabu cha kwanza ninachowashauri mkipate hakitoki ng'ambo. Ni kiwango cha Afrika Mashariki, EAS 377, kinachopatikana kupitia Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, ambalo lina ofisi hapa Eldoret. Kina sehemu tano: viambato vilivyopigwa marufuku, vinavyoruhusiwa kwa masharti, rangi, vihifadhi, na vichuja mionzi ya jua. Kwa anayetengeneza losheni, sehemu ya nne ya vihifadhi ni muhimu sana, kwa kuwa losheni yoyote yenye maji huota vijidudu. Asiye na pesa ya kununua kiwango aanze na hifadhidata ya Umoja wa Ulaya iitwayo CosIng. Ni ya bure, na hufunguka kwenye simu.

Angalieni pia mwaka wa kuchapishwa. Wengi hapa wameachiwa maelezo ya sabuni yanayosema utie formalini isiharibike. Ulaya iliiruhusu kama kihifadhi kwa miaka mingi, kisha mwaka 2019 ikaihamishia kwenye orodha ya marufuku kwa sababu ya hatari ya saratani. Na vitabu vya katikati ya karne iliyopita vina maelezo ya krimu zenye zebaki, yameandikwa kwa utulivu kama mapishi ya chapati. Kitabu cha zamani kitakufundisha jinsi mafuta na maji vinavyoshikana. Kisikuamulie kilicho salama.

Wa sabuni za mche, msinisahau. Jedwali la kostiki ni kurasa chache tu, lakini ndilo linalolinda ngozi za wateja wenu. Kilo moja ya mafuta ya nazi huhitaji takriban gramu 183 za kostiki soda. Kilo moja ya mafuta ya avokado huhitaji takriban 133. Avokado zimejaa katika kaunti hii, na najua wapo wanaotaka kuyatumia mafuta yake mahali pa nazi. Ukibadilisha mafuta ukaacha kipimo kile kile, zinabaki gramu 50 za kostiki ndani ya sabuni, na mtu ataoga nayo. Na tafadhali, kostiki hutiwa kwenye maji polepole. Maji hayamwagwi juu ya kostiki.

Swali lililoniletea ujumbe mwingi kabla ya mkutano huu ni kama mtu aliyeishia darasa la nane anaweza kuvitumia vitabu hivi. Anaweza. Havisomwi mwanzo hadi mwisho kama hadithi. Unatafuta jina au nambari, unasoma kazi ya kiambato, kiwango cha juu na onyo lake, basi. Kwa mfano fenoksiethanoli, kihifadhi cha kawaida: kanuni za Ulaya zinasema isizidi asilimia 1, yaani gramu 10 katika kilo ya losheni. Unaandika kwenye daftari lako pamoja na tarehe na duka uliponunua.

Sasa toeni chupa zenu mezani. Tutaanza na zenye lebo, kisha tuje kwa zile zisizo na lebo.