Walimu wa uongo hutoka katikati yetu

Maneno ya makatekista kwa mashirika ya Murara, katika matayarisho ya Yubile ya parokia



Katika siku hizi za Yubile wengine wamekwisha kuwasimulia habari za furaha: wale waliobatizwa wa kwanza, wale waliobeba mawe na mchanga kichwani, wale waliofundisha katekismu chini ya mti. Sisi makatekista tulipewa kazi isiyo tamu. Tuliombwa tuseme juu ya walimu wa uongo katika Kanisa la Kristu, namna ya kuwatambua na namna ya kujilinda. Kwanza tulitaka kukataa, kwa maana siku ya sikukuu mtu hapendi kusikia habari ya mbwa mwitu. Lakini mchungaji anayehesabu kondoo zake siku ya sikukuu anapashwa kuhesabu na zile zilizopotea.

Tuanze kwa kuondoa kosa moja. Tunaposema walimu wa uongo, wengi wenu mnatazama mara moja upande wa barabara, kule kwenye vyumba vya maombi vyenye vipaza sauti visivyolala. Tunajua mnataka tuwataje. Hatutawataja. Tena hatusemi juu ya ndugu zetu Waprotestanti, wa CBCA na wengine, ambao tumezika wafu pamoja nao na kugawa unga pamoja nao katika miaka ya taabu. Mtume Paulo, alipowaaga wazee wa Efeso, hakuwaonya juu ya wageni tu. Aliwaambia kwamba watu wenye kupotosha watainuka katikati yao wenyewe. Neno hilo ndilo tunalotaka kulishika leo, maana karibu na sisi limetimia kwa namna ya kutisha.

Ukitoka Rutshuru ukafuata njia ya Ishasha, ukivuka mpaka umeingia Uganda, katika wilaya ya Kanungu. Huko, siku ya Ijumaa tarehe 17 Machi 2000, watu mamia walikufa kwa moto ndani ya nyumba yao ya sala. Milango na madirisha yalikuwa yamefungwa kwa misumari. Siku zilizofuata polisi walikuta maiti nyingine zimefukiwa katika nyumba mbalimbali za kikundi kile, na hesabu yote ikapita watu 700. Wengi walikuwa wanawake na watoto. Watu wale hawakuwa wapagani. Walikuwa wakristu kama sisi. Walisali rozari. Waliheshimu sanamu za Bikira Maria. Kikundi chao kiliitwa kwa jina zuri ambalo hakuna mkatoliki angelikataa: kurudisha Amri Kumi za Mungu.

Nani waliwaongoza? Mwanamke mmoja, Credonia Mwerinde, aliyesema kwamba Bikira Maria alimtokea. Joseph Kibwetere, mkatoliki aliyejulikana, mtu wa shule na wa siasa, aliyempokea nyumbani mwake. Na pamoja nao padri, Dominic Kataribabo, mtu aliyesoma sana, hata katika chuo kikuu cha Marekani. Tusikilize vizuri hapa, sisi tunaofikiri kwamba elimu peke yake inatosha kumlinda mtu. Padri huyu alijua teolojia kuliko makatekista wote wa Murara tukijumlishwa pamoja, na chini ya nyumba yake maiti zilikutwa zimezikwa. Kanzu haitoshi. Diploma haitoshi. Hata sala ndefu haitoshi.

Sasa tujiulize: kama maneno yao yalifanana na yetu, mama wa shambani angeliwatambua kwa alama gani? Tulizungumza juu ya ulizo hili kwa mikutano mitatu. Mmoja wetu alisema, wangetambulika kwa mafundisho yao ya ajabu. Lakini mwanzoni mafundisho yale hayakuwa ya ajabu: tubuni, acheni dhambi, shikeni amri. Mwingine alisema, kwa matendo yao. Hilo ni kweli, na Bwana mwenyewe alitufundisha kutazama matunda. Lakini matunda huchelewa kuiva, na huko Kanungu yalipoiva watu walikuwa wamekwisha kufa. Mwishoni tulikubaliana juu ya alama moja ambayo inaonekana mapema, nayo ndiyo tunayowaomba mwende nayo nyumbani. Mwalimu wa uongo anakataa kupimwa.

Ili tuelewe jambo hili, tutazame upande mwingine wa mpaka wetu, katika Rwanda. Tarehe 28 Novemba 1981, kule Kibeho, msichana wa shule jina lake Alphonsine Mumureke alisema kwamba amemwona Bikira Maria. Je, Kanisa lilimshangilia? Hapana. Wenzake shuleni walimcheka, na mmoja wao, Marie Claire Mukangango, alikuwa mbele kabisa katika kumpinga, kabla hajasema mwenyewe kwamba ameona. Mwaka 1982 Askofu wa Butare, Jean-Baptiste Gahamanyi, aliweka tume mbili, moja ya waganga wa hospitali na moja ya wateolojia. Wasichana wale waliulizwa, wakapimwa, wakaulizwa tena. Watu wengine wengi walisimama kusema kwamba wao pia wanaona, na idadi yao ikaongezeka sana. Askofu hakuharakisha. Mwaka 1988 aliruhusu watu wasali mahali pale, bila kusema bado kwamba mambo yenyewe ni ya kweli. Vita na mauaji ya 1994 vikapita, na Marie Claire akauawa. Basi tarehe 29 Juni 2001 Askofu Augustin Misago wa Gikongoro akatoa hukumu yake: wasichana watatu tu, yaani Alphonsine, Nathalie Mukamazimpaka na Marie Claire, ndio waliokubaliwa. Miaka karibu 20 kwa neno moja! Na hata baada ya hukumu hiyo, mkristu hafungwi kuamini mambo ya Kibeho kama anavyofungwa na Injili.

Linganisheni mambo haya mawili. Yalitokea karibu katika wakati mmoja, na yote mawili yalitaja jina la Mama yetu. Wa Kibeho walikubali kuulizwa maswali, hata yale ya kuwaaibisha. Wa Kanungu, Askofu wa Mbarara alipowakataza mapadri wao kutoa huduma, walijitenga wakaendelea peke yao. Nao walifanya jambo ambalo hatujaweza kulisahau tangu tulisome: waliwakataza wafuasi wao kusema. Watu waliishi pamoja wakionyeshana mambo kwa ishara za mikono, eti wasije wakavunja kwa ulimi ile amri inayokataza uongo. Hebu fikirini mama asiyeruhusiwa kumwuliza jirani yake, «Dada, wewe unaona mambo haya ni sawa?» Mtu asiyeweza kuuliza amekwisha kufungiwa mlango, hata kama msumari haujapigwa.

Mambo mengine yalifuata kwa urahisi. Watu waliuza mashamba na ng'ombe wao, na feza ikaingia mkononi mwa viongozi. Watoto walitengwa na wazazi. Kiisha viongozi walitangaza kwamba dunia itakwisha pamoja na mwaka 1999. Mwaka ule ulipita na jua likatoka kama kawaida. Kadiri ya habari zilizokusanywa baadaye, wengine walianza kuuliza juu ya mali yao, na miezi isiyofika mitatu baadaye moto ukawaka. Viongozi wale, hata mmoja hakufikishwa mbele ya mahakama.

Msifikiri kwamba mambo haya ni ya zamani. Mwezi wa Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, karibu na pwani ya Kenya, walianza kufukua makaburi ya watu waliofunga chakula mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Maiti zilizotolewa zilipita 400, na watoto wengi walikuwamo. Mhubiri wao, Paul Mackenzie, aliyefikishwa mahakamani kwa ajili ya vifo vile, kwa miaka alikuwa amewafundisha watu kukataa shule na hospitali. Wale si wakatoliki, lakini njia ni ile ile: kwanza usiende kwa mganga, kiisha usimpeleke mtoto shuleni, kiisha usiulize.

Turudi sasa nyumbani, Murara. Mji wetu una jeraha nyingi, na nabii wa uongo ni kama inzi, anatafuta kidonda. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka, na mto wa moto ukapita katikati ya mji mpaka ziwani, ukala nyumba zetu na hata kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Majiwe yalikuwa hayajapoa bado, na tayari walikuwapo wa kutueleza dhambi ya nani ndiyo iliyoleta volkano, na sadaka ya kiasi gani itakayoizuia isirudi. Ilirudi tarehe 22 Mei 2021, bila kuwauliza. Zaidi ya hayo kuna vita, wakimbizi, na siku zile za mwisho wa Januari 2025 ambazo kila nyumba ya Goma ina habari yake juu yake. Mtu aliyepoteza mume, kazi na usingizi akiambiwa, «Njoo, mimi najua sababu ya taabu yako», atakwenda. Hata sisi tungekwenda.

Hapa tunapashwa kukiri jambo linalotuhusu. Katika shirika moja la parokia yetu alikuwako mama mjane, muuzaji wa makala. Mtoto wake wa miaka 9 alikuwa akilia usiku na kukojoa kitandani. Katika chumba kimoja cha maombi alielezwa kwamba mtoto ana ulozi, na ya kuwa ulozi huo ndio uliomwua baba yake. Alidaiwa dolari 50, na mtoto akafungishwa chakula kwa siku tatu. Siku ya pili jirani, ambaye si mkatoliki, alisikia sauti ya mtoto akaingia kwa nguvu, akampa uji, akampeleka kwenye kituo cha afya.

Tulipopata habari tulikasirika sana juu ya nabii yule. Kiisha mmoja wetu akafungua kitabu cha shirika. Mama huyu alikosa kuja kwa miezi minne. Mbele ya jina lake tulikuta tumeandika kila juma «hayupo», na chini yake deni la michango yake. Hatukuona mahali palipoandikwa kwamba mtu mmoja alikwenda kumwamkia. Sisi tulihesabu deni, na yule mwingine alimwuliza, «Mama, unalala?» Ndiyo sababu alimsikiliza yeye.

Kwa hiyo wapendwa, mkisikia mtu anasema anaona maono, hata kama ni wa kikundi chetu cha maombi, hata kama ni katekista, msimtukane na msimfuate. Mwulizeni: padri anajua? Je, utakubali kusema maneno haya mbele yake? Je, mgonjwa akiendelea na dawa zake, utamwombea vilevile? Mtu wa Mungu atajibu kwa upole, kwa maana hana cha kupoteza. Yule wa uongo atakasirika, au atawaambia kwamba imani yenu ni ndogo. Hata sisi tunaowafundisha, tuulizeni. Watu wa Beroya walichunguza Maandiko ili kujua kama Paulo anasema kweli, na Maandiko yenyewe yanawasifu kwa sababu hiyo.

Juu ya watoto hatuwezi kunyamaza. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika sehemu yake ya 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa ulozi, na Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inatoa azabu kwa anayefanya hivyo. Basi si jambo la kumaliza kwa maombi kati ya majirani. Mtoto akishitakiwa hivyo katika kartie yetu, mkubwa wa shirika alete habari kwa padri siku ile ile, asingoje mkutano wa juma.

Tena kuanzia mwezi huu wa Yubile, vitabu vya mashirika vitakuwa na ukurasa mpya. Juu yake patakuwa na jina la kila asiyeonekana kwa majuma mawili, na pembeni yake jina la yule aliyekwenda kumwona, pamoja na siku aliyokwenda. Deni la michango litaandikwa mahali pengine. Tunawaomba wakubwa wa mashirika watuletee kurasa hizo kila Jumapili ya kwanza, baada ya misa ya pili, katika chumba cha katekismu.

Yule mama amerudi. Mtoto wake anasoma. Ila bado haketi pamoja na shirika lake. Anakaa nyuma kabisa, karibu na mlango, na mara nyingi anatoka kabla ya baraka. Wawili kati yetu tumekwisha kwenda kwake mara tatu. Mara ya tatu alitupa viti.