MAJI TAKA YETU NA ZIWA LETU
(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Katubuka, Kigoma)



Mmeniomba niseme juu ya kazi yangu, nami kazi yangu serikalini ni maji. Nimechagua jambo moja tu: kemikali za florini zisizooza, ambazo wataalamu huziita PFAS.

Kemikali hizi zimetengenezwa na binadamu. Ndizo zinazozuia chakula kisigande kikaangoni, mvua isipenye koti na mafuta yasipenye karatasi ya kufungia chakula. Zimo pia katika baadhi ya mapovu ya kuzimia moto wa petroli. Nguvu yake ni kifungo cha kaboni na florini, ambacho bakteria wa mabwawa ya maji taka hawakiwezi. Hata ukichemsha maji, huziondoi. Mwaka 2023 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliiweka mojawapo, PFOA, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Kuzigundua ni kazi ya subira. Mwaka 2024 Marekani iliweka kikomo cha nanogramu 4 kwa lita ya maji ya kunywa, kwa PFOA na kwa PFOS. Fikirini bwawa lenye urefu wa kilometa 1, upana wa kilometa 1 na kina cha meta 1. Kisha mtie humo gramu 4 za chumvi, zisizojaza kijiko cha chai. Kiasi hicho ndicho kinachotafutwa. Maji hupitishwa katika kichujio kidogo kinachozinasa kemikali, halafu mashine huzitenganisha na kupima uzito wa chembe zake. Mpimaji asipojihadhari, hata koti lake la mvua laweza kuharibu sampuli.

Kuziondoa ni kugumu zaidi. Mkaa maalumu wenye vitundu vingi huzinasa, na vivyo hivyo utando mwembamba ambao maji husukumwa kupita ndani yake. Lakini kunasa si kuua. Mkaa ule ukishiba huwa taka mpya, inayohitaji tanuri lenye joto kali sana.

Najua mtauliza: Kigoma haina viwanda vingi, yatuhusu nini? Kampala nayo ni jirani yetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 juu ya ardhi oevu ya Nakivubo, inayopokea maji ya mtambo wa Bugolobi, ulizikuta kemikali hizi katika maji, udongo na mimea. Bidhaa husafiri, na taka zake husafiri nazo.

Kisha tazameni ziwa. Tanganyika lina kina cha meta 1,470 na mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga kule Kalemie. Sehemu kubwa ya maji yake huondoka kwa kugeuka mvuke, na mvuke hauchukui uchafu wa namna hii. Sisi wa Katubuka twajua adha ya maji yaingiayo bila kupata njia ya kutoka. Bwawa letu limekwisha kuingia majumbani mwa watu.

Ndugu zangu, sisemi tuache vyoo na klorini tukimbilie mashine za bei kubwa. Kipindupindu huua kwa siku chache, na shilingi ya kwanza ni ya kukizuia. Lakini kipindupindu tunajua kukitoa katika maji. Hizi tukiziachia, wajukuu wetu watazikuta. Kinga yake haina gharama kubwa: ni kukataa mlangoni.

Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Stockholm, ulioingiza PFOS mwaka 2009 na PFOA mwaka 2019. Humu ukumbini wamo wanaoandika zabuni, wenye maghala na wenye hoteli. Ninyi mnaonunua povu la kuzimia moto, ulizeni kwa maandishi kama lina florini, na mchague lisilo nayo. Mapipa ya zamani yasimwagwe mtaroni. Yaandikwe, yafungiwe, na wahusika wa mazingira wapewe taarifa. Na magari ya kunyonya maji taka yasimwage ovyo karibu na vijito.

Dagaa wetu hawana ziwa lingine.