Mgahawa wa Jeddah na Nyumba ya Mombasa: Tunanunua Nini, kwa Jina la Nani?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa ukoo)





Kamati imeniomba nizungumzie pendekezo la vijana wetu wa Riyadh na Jeddah: kwamba ukoo uchange fedha, na ikibidi uuze nyumba ya bibi yetu iliyoko Mji wa Kale, Mombasa, ili tununue mgahawa mjini Jeddah ambao mwenyewe anauacha. Nadhani nimepewa kazi hii kwa sababu utumishi wangu wa serikali niliumaliza katika afisi ya ardhi, na kwa sababu leo ninaishi Jeddah.

Pendekezo hili si la kubezwa. Mgahawa katika miji ile una nafasi ambayo baa inayo Uingereza: ni mahali pa kukaa, kuonana, kupeana habari na kutafutiana kazi. Pombe ni marufuku kule, na kwetu ni haramu. Lakini haja ya mtu kukaa na wenzake haimaliziki kwa marufuku. Mwaka 1511 Khair Beg, aliyekuwa na mamlaka Makka, alipiga marufuku hata kahawa, na amri ile haikudumu. Wateja wapo, na wataendelea kuwapo. Swali langu ni jingine: tukitoa fedha zetu, tutakuwa tumenunua nini?

Jamaa zetu walioko Uingereza wanajua kwamba anayetaka kununua baa huko huuliza kwanza kama anapata milki ya daima, yaani jengo na ardhi yake, au milki ya muda, yaani haki ya kufanya biashara mle kwa miaka iliyoandikwa. Mwenye milki ya muda huenda pia akafungwa na sharti la kununua bia kwa kampuni yenye jengo. Sisi watu wa Mombasa tofauti hiyo tunaijua tangu utotoni. Tumekua katika desturi ya nyumba bila ardhi: mtu hujenga nyumba, huezeka, huoza binti zake humo, na kila mwezi hulipa kodi ya kiwanja kwa mwenye ardhi. Kuta ni zake, chini si pake.

Sasa tuitazame Jeddah. Mpita njia huona madukani vibao vyenye neno la Kiarabu, takbili. Maana yake ni kwamba mwenye duka yu tayari kumpokeza mwingine vyombo, majiko, meza, jina lililozoeleka na muda uliobaki katika mkataba wake wa kupanga. Neno hilohilo lina maana pia ya kubusu, na kwa kweli wengi hununua kwa mahaba kabla ya kupiga hesabu. Katika takbili jengo halimo, wala ardhi haimo. Na katika mji wa zamani, Al-Balad, ulioingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2014, yapo majengo ya wakfu. Na wakfu, kama tujuavyo kwetu, hauuzwi, hupangishwa tu.

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme takbili ni riyali 300,000, yaani dola 80,000 kwa kiwango cha riyali 3.75 kwa dola, ambacho kimedumu tangu mwaka 1986. Mkataba ukiwa umebakiwa na miaka 3, tutakuwa tumejitwika riyali 100,000 kwa mwaka, zaidi ya 8,300 kwa mwezi, kabla hatujalipa kodi ya duka, mishahara, umeme wala unga. Juu yake upo ushuru wa ongezeko la thamani, ulioanza kwa asilimia 5 mwaka 2018 na kupandishwa hadi asilimia 15 Julai 2020. Zipo pia ada za wafanyakazi wageni na jamaa zao; ada ya kila mtegemezi ilianza kwa riyali 100 kwa mwezi mwaka 2017, ikafika 400 mwaka 2020.

Kodi ya duka nayo haiko mikononi mwetu. Riyadh ilipanda mno hata Septemba 2025 serikali ikaamuru isiongezwe kwa muda wa miaka 5, kwa makazi na kwa biashara. Amri hiyo ilitolewa kwa ajili ya Riyadh. Anayepanga Jeddah asiihesabu kuwa ngao yake.

Tena yapo yaliyotokea Jeddah mbele ya macho yetu. Kuanzia mwishoni mwa 2021 na katika mwaka 2022, mitaa mingi ilibomolewa ili mji upangwe upya: Karantina, Ghulail, Petromin na mingineyo, mitaa ambamo Waafrika wengi waliishi na kufanya biashara. Shirika la Amnesty International lilieleza mwaka 2022 kwamba mpango wa fidia uliwaacha nje wageni. Mpangaji aliyekuwa ametoa fedha za takbili alibaki na masufuria na funguo za mlango usiokuwapo tena.

Ndugu zangu, hayo yote ni hatari za kawaida za biashara. Linaloninyima usingizi ni jina. Katika waraka wa vijana umo mstari usemao kwamba sijili ya biashara na mkataba viandikwe kwa jina la shemeji yetu raia wa Saudia, au la binamu zetu wa Maskati, nao walipwe kitu kidogo kila mwezi. Jambo hilo lina jina katika sheria ya Saudia: ni tasattur. Shina lake ni lile lile la neno letu kusitiri. Wahenga walikwisha kusema kwamba nguo ya kuazima haisitiri mwili.

Sheria ya kupinga tasattur si ngeni. Ilikuwapo tangu mwaka 1989, ikaandikwa upya mwaka 2004, kisha tena mwaka 2020. Waliokuwa katika hali hiyo walipewa nafasi ya kujirekebisha hadi Februari 2022. Kwa sheria ya 2020 adhabu hufika kifungo cha miaka 5 na faini ya riyali milioni 5. Mapato hutaifishwa, na mgeni hufukuzwa nchini. Atoaye habari huweza kupewa sehemu ya faini hiyo, hadi asilimia 30. Kwa hiyo siri ya namna hii ina bei, na yeyote tutakayegombana naye anaweza kwenda kuiuza.

Hata asipotokea wa kutushtaki, kuna mauti. Mwenye jina akifariki, kilichoandikwa kwa jina lake ni mirathi ya warithi wake. Sisi tutakwenda kwa kadhi na karatasi gani? Tutawaambia mayatima kwamba baba yao alikuwa akituazima jina kwa kuvunja sheria? Undugu wa miaka mingi utavunjika kwa ajili ya meza na majiko.

Njia za halali zipo, ingawa ni ndefu zaidi. Raia wa nchi za Baraza la Ushirikiano la Ghuba, ambazo soko lao la pamoja lilianza Januari 2008, huruhusiwa kufanya biashara nyingi kama wenyeji. Binamu zetu wa Maskati wakitaka mgahawa, na uwe wao kweli: fedha zao, faida yao na hasara yao. Wasio raia wa Ghuba wana mlango wa kusajili uwekezaji, chini ya sheria mpya iliyoanza Februari 2025 na kuchukua nafasi ya ile ya mwaka 2000. Na kuhusu kumiliki majengo, sheria iliyopitishwa Julai 2025 na kupangiwa kuanza Januari 2026 imewawekea wageni maeneo maalumu, kwa masharti ya pekee kwa Makka na Madina.

Kwa hiyo natoa mapendekezo matatu.

Kwanza, nyumba ya bibi isiuzwe. Itengenezwe, ipangishwe, na kodi yake iwekwe katika mfuko wa ukoo.

Pili, pasitolewe hata riyali moja kwa mgahawa wowote kabla hatujaona kwa macho yetu mkataba uliosajiliwa katika mfumo wa Ejar, idhini ya mwenye jengo ya kupokezana, sijili ya biashara, rukhsa ya baladia, cheti cha ulinzi wa raia, na orodha ya madeni na mishahara isiyolipwa. Na miaka iliyobaki katika mkataba isipungue mara mbili ya muda wa kurudisha fedha zetu. Mali bila daftari huisha bila habari.

Tatu, ukoo huu usiweke fedha zake chini ya jina lisilokuwa na haki ya kuzibeba, hata likiwa jina la tunayempenda.

Vijana wetu, nimewasoma vizuri. Wengine wenu mna miaka 20 kule, na kila kitu chenu kina tarehe ya kuisha: ikama, mkataba wa nyumba, kazi kwa kafili. Mnatamani mlango mmoja ambao hakuna atakayewaambia muda wenu umekwisha. Tamaa hiyo ni halali, na sina neno la kuwalaumu. Lakini mlango huo tunao. Uko Mombasa, na hati yake ina jina la bibi yetu. Msituombe tuubadilishe kwa miaka mitatu ya chumba cha mtu mwingine.

Naomba, Mwenyekiti, mapendekezo haya yapigiwe kura kabla hatujaagana, na matokeo yaandikwe katika kijitabu hiki, ili walioshindwa kufika nao wayasome.